Chombo cha Mtwapa Juu ya Bati la Lindi

Nicanor alikuwa na wivu wa aina mbili. Wa kwanza ulikuwa wa kawaida, ule wa mwanamume ambaye mke wake akicheka na muuza maji, yeye anataka kujua kilichochekesha ni nini. Wa pili ulikuwa wa kazi. Hakupenda mtu mwingine yeyote aseme neno kuhusu mvua.

Huo wa pili, tusimwonee, ulikuwa na sababu. Nicanor alikuwa fundi wa mabati hapo Lindi, katika mtaa wa Kibera jijini Nairobi, na ukitafuta paa ambalo hajalikanyaga kati ya mtoni na Makina utatafuta sana. Mtu anayeshinda juu ya nyumba za watu huzoeana na anga. Alijua kwamba moshi wa chipsi za jirani yake Wesonga ukilala chini badala ya kupanda, alasiri kutanyesha. Akitazama upande wa vilima vya Ngong na kukunja uso, kina mama walianza kuanua nguo kabla hajafungua mdomo, na yeye alijifanya haoni, lakini aliona.

Mkewe, Filister, aliuza omena, wale dagaa wadogo wa ziwani. Gunia lilimfikia kutoka Homa Bay likiwa limekauka vizuri, lakini nyumba yao ilikuwa bondeni, na unyevu wa huko huingia hata ndani ya kiberiti. Omena zikikaa siku mbili tatu bila jua hulegea na kuanza kunuka, na mteja akinusa mara moja harudi. Kwa hiyo kila asubuhi ilibidi azipandishe juu ya bati na kuzitandaza kwenye neti kuukuu. Kabla ya kuzipandisha alisimama mlangoni, beseni kiunoni, akamwuliza mumewe neno moja.

"Nianike?"

Nicanor hakujibu haraka, na hapo ndipo ilipokuwa raha yake. Alitoka nje, akatazama juu, akanusa, akagusa ukingo wa bati kwa kiganja. Kisha akasema, "Anika," au, "Ngoja kidogo," au, "Leo usijisumbue." Kulikuwa na siku ambazo hayo ndiyo maneno pekee ya upole waliyopeana mpaka jioni, na yaliwatosha. Hawakuwa watu wa kushikana mikono barabarani.

Mwaka mmoja wa mvua nyingi, Pasaka ikiwa imepita, Filister alirudi kutoka Kawangware na sanduku.

Kawangware alikuwa akienda kila Alhamisi. Omena zilizovunjika na vumbi la chini ya gunia hakuvitupa. Alimpelekea Mbuthia, mwenye ploti za kupangisha karibu na soko, aliyefuga kuku nyuma ya nyumba zake na kuwachanganyia kwenye chakula. Mbuthia huyo aliwahi kujaribu ufugaji Mtwapa, huko pwani, na joto na unyevu vikamwulia kuku mpaka akakata tamaa akarudi kwao. Ndani ya sanduku kulikuwa na kitu alichorudi nacho: chombo cha kupimia hali ya hewa nyumbani. Kilikuwa na vikombe vitatu vya kuzunguka na upepo, kopo la kupokea mvua, kijumba cheupe chenye matundu ambamo kilikaa kipimo cha joto na unyevu, na skrini ndogo ya kuweka ndani ya nyumba. Skrubu zake zote zilikuwa zimeliwa na chumvi ya bahari.

"Amenipa," Filister alisema. "Kilikuwa kinakaa tu stoo."

"Amekupa." Nicanor aligeuza lile kopo mkononi. "Na yeye anataka nini?"

"Vumbi la omena, Baba Amondi. Kama kila wiki."

Amondi ni binti yao, aliyekuwa akisoma shule ya bweni huko Siaya. Hakuwapo kumwambia baba yake aache mambo hayo, kwa hiyo hakuyaacha.

Hata hivyo kazi ya kukipandisha ilikuwa yake, maana nani mwingine angegusa bati lake. Na hapa fundi wetu alifanya kosa ambalo ni fundi wa mabati peke yake anayeweza kulifanya. Alikifunga chombo imara kabisa, akang'oa zile skrubu zenye kutu na kutia misumari mipya yenye kofia za mpira, halafu akatazama kazi yake na kuona kitu cha maana kama kile hakiwezi kuachwa kikinyeshewa. Akakata kipande cha bati, akakikunja vizuri, akakijengea paa.

Siku hiyohiyo ilinyesha mpaka njia ikageuka mto. Ndani, skrini ikasema mvua ni sifuri.

Filister alicheka mpaka akakaa chini. Nicanor naye angecheka, kwa sababu hakuwa mtu mbaya, lakini mke wake alichukua simu hapohapo akampigia Mbuthia, na upande wa pili wakacheka pia. Simu ile ilikuwa na sauti kubwa. Nicanor alimsikia yule mwanamume akisema, "Aki wewe Filister."

Filister. Si Mama Amondi. Watu wote wa Lindi, mchungaji wao akiwemo, walimwita Mama Amondi. Jina lile la Filister, Nicanor alidhani limebaki kwake na kwa wakwe zake tu, na hata yeye alilitumia kwa kipimo. Alitoka nje akasimama karibu na karai la Wesonga, akanunua chipsi ambazo hakuzitaka.

Jumamosi Mbuthia alikuja mwenyewe. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, amevaa viatu vilivyopigwa rangi, na alipofika kwenye ngazi akavivua na kupanda na soksi. Nicanor alimtazama akikanyaga katikati ya bati badala ya kufuata mstari wa misumari, akaliacha limebonyea, na moyo wake ukafurahi kwa mara ya kwanza wiki ile. Lakini alipotazama chini alimwona Filister ameinua uso, amejikinga jua kwa mkono, anamsikiliza Mbuthia kwa makini ambayo Nicanor alidhani ni yake peke yake.

"Kopo lazima likae wazi," Mbuthia alisema. "Na hiki kijumba tukisogeze, hapa moshi wa chipsi unakipiga moja kwa moja. Sasa skiza, Filister. Huko Mtwapa unyevu ulikuwa uko juu mchana na usiku, ndio maana kuku walinishinda. Huku Nairobi asubuhi unapanda, lakini jua likitoka unashuka. Ukiona namba ya unyevu imeenda chini ya sitini, anika. Na ukiona kale kamshale ka kwenye skrini kanaangalia chini, jua mvua inakuja, hata kama nje kunaonekana sawa."

"Na kama kanaangalia chini asubuhi na mapema?"

"Basi hiyo siku hakuna mtu kupanda kitu."

Nicanor alikuwa ameshika nyundo. Aliitia mfukoni.

Kuanzia hapo nyumba ikabadilika. Chombo kilikuwa bado na kengele ya Mtwapa, na kila alfajiri unyevu wa Lindi ulipofika kiwango ambacho Mbuthia alikiogopa kule pwani, skrini ililia ti-ti-ti juu ya kabati. Filister aliamka, akakinyamazisha kwa kidole kama mtu anayebembeleza mtoto, akakaa akikitazama. Namba ziliposhuka alibeba beseni lake na kupanda. Hakusimama mlangoni. Hakuuliza.

Siku ya kwanza Nicanor alidhani amesahau. Siku ya pili alikohoa. Siku ya tatu alitoka nje akatazama anga, akanusa, akagusa bati, akarudi ndani na jibu zima mdomoni, na hapakuwa na swali la kulipokea. Mke wake alikuwa juu tayari, anatandaza, anaimba wimbo wa kanisani.

Aliumia. Sitaki kulizunguka hilo. Mwanamume mzima, fundi anayejulikana, aliumwa na wivu kwa sababu ya kijisanduku kinachotumia betri mbili. Na kila alipotaka kukidharau, nyuma yake aliona soksi za Mbuthia.

Kulikuwa na jambo jingine lililomchoma zaidi. Filister alikuwa na swali jipya. Akimaliza kutazama skrini alimgeukia na kumwuliza, "Leo unapanda wapi?"

"Kwa nini?"

"Nauliza tu."

Hakuwahi kuuliza hivyo zamani. Nicanor akaligeuza swali lile kichwani siku nzima juu ya mapaa ya watu. Mwanamke anayetaka kujua mume wake yuko wapi, na mpaka saa ngapi, ana sababu, na sababu ile Nicanor aliipa jina na ploti na kuku. Akaanza kudanganya. Akienda Makina alisema anaenda kijiji cha Raila, akienda Raila alisema haendi popote, na Filister akatazama skrini tena akiwa amekunja uso. Nicanor mwenyewe nyonga ilimuuma kwenye baridi ile, kwa maana mwaka uliotangulia aliteleza kwenye bati lililolowa huko Makina akaanguka mpaka chini. Watu aliwaambia kwamba aliruka.

Ndipo akapata wazo la kitambaa.

Alikuwa na kitambaa cha buluu cha kujifunga kichwani akiwa kazini. Asubuhi moja, kengele ilipokwisha kulia na Filister kwenda kuteka maji, alikilowesha, akapanda ngazi na kukizungushia kile kijumba cheupe chenye matundu, ambacho sasa kilikuwa upande wa pili wa mgongo wa paa, mbali na neti ya Filister. Akashuka, akaketi, akajimiminia chai.

Jua likatoka, likawaka kabisa, la kukausha hata matope. Skrini ikashikilia unyevu wa tisini na tano.

Filister aliitazama skrini. Akatazama nje. Akaipiga kofi dogo ubavuni, haikubadilika. Alihangaika hivyo kwa muda, na Nicanor akaendelea na chai yake taratibu. Mwishowe Filister akasimama mlangoni na beseni.

"Baba Amondi. Nianike?"

Lo, chai ile ilivyokuwa tamu. Alitoka, akachukua muda wake wote, akanusa kuliko kawaida. "Anika," akasema.

Akawa anafanya hivyo kila asubuhi. Analowesha, anapanda, anafunga, na jioni anakiondoa kabla ya giza kuingia. Na kwa kuwa wiki zile mvua ilipumzika, kila aliposema anika, jua lilimtii. "Hicho chombo kimezoea Mtwapa," alimwambia mkewe kwa huruma ya uongo. "Hakijui huku." Filister alikubali kwa kichwa, na safari moja Nicanor akamsikia akimwambia Mbuthia kwenye simu kwamba unyevu unasoma vibaya, labda chumvi iliingia ndani. Siku ile alimnunulia mkewe soda.

Ubaya wa kusifiwa ni kwamba mtu anavimba, na aliyevimba hatoki nje. Kidogo kidogo Nicanor akaacha kutazama anga. Alijibu kutoka mlangoni, kisha kutoka kitini. Asubuhi ya Jumatano moja alikuwa amefunga kitambaa mapema akarudi chini ya blanketi, na Filister akauliza, naye akajibu bila kufunua kichwa.

"Anika."

"Kamshale kanaangalia chini."

"Mama Amondi, si nimekwambia? Hicho ni cha pwani. Anika."

Gunia jipya lilikuwa limefika jana yake, zile omena nzuri za rangi ya fedha, ndogondogo zisizo na mchanga. Filister alizipandisha zote. Kisha akauliza, "Na wewe leo unapanda wapi?" Nicanor akamwambia haendi mbali, akachukua nyundo akaenda Makina.

Alikuwa juu ya paa la duka alipogeuka na kuona upande wa Ngong umekuwa mweusi kama sufuria. Mtoto angeiona mvua ile. Ilikuwa imejiandaa tangu alfajiri, na yeye alikuwa amefunika kichwa. Alishuka vibaya, akakimbia na nyonga yake mbovu kupitia vichochoro, na mvua ikampita njiani, ikafika Lindi kabla yake.

Alipofika, Filister alikuwa juu ya bati, amelowa mpaka mifupani. Omena zilikuwa zimesukumwa na maji mpaka ukingoni, nyingine zikielea kwenye mtaro chini pamoja na makaratasi. Wesonga alikuwa akimsaidia kuzoa kwa karai la chipsi. Na mkononi mwake, hata hakuwa akizoa tena, Filister alishika kitambaa cha buluu alichokikuta kwenye kijumba.

"Hii ni ya nani?" aliuliza.

Wesonga akatazama kitambaa, akamtazama Nicanor, akakumbuka kwamba ameacha mafuta kwenye moto, akaenda zake.

Filister alikamua kile kitambaa, akakikunja mara mbili, akashuka nacho na kukiweka juu ya sanduku la vifaa vyake. Hakupiga kelele, na Nicanor angelipa chochote zipigwe. Asubuhi kengele ililia, Filister akainyamazisha, akatazama skrini, akatazama anga mwenyewe, akachagua zile omena chache zilizopona na kuzipandisha. Nicanor alikuwa amekaa mlangoni kabisa, mahali ambapo asingeweza kupitwa. Alipitwa.

Nyingi ziliharibika. Hazikufaa kuliwa na mtu tena, zilifaa kuku, na kwa kuwa gunia lilikuwa zito kwa sababu ya maji, na Filister alikuwa amepata homa ya kunyeshewa, nani alilipeleka Kawangware? Hiyo ndiyo adhabu ambayo hata mimi nisingempa. Nicanor alilibeba begani mwenyewe, omena za mke wake zikimchuruzikia mgongoni, kwenda kumlisha kuku yule mwanamume.

Alimkuta Mbuthia nyuma ya nyumba na mkewe, Nyawira, wanafagia banda. Nyawira ndiye aliyempokea, akamletea maji ya kunawa na chai kubwa, akamwuliza hali ya Filister. Naye alimwita Filister. Nyumba ile nzima ilimwita Filister. Hawakuwa wamewahi kumwona Amondi.

"Kwa hivyo unyevu umekubali kusoma?" Mbuthia aliuliza.

"Umekubali," Nicanor alisema akiangalia kikombe.

"Sawa. Lakini hata huo si ndio Filister alikuwa anataka." Mbuthia akaweka ufagio kando. "Unajua siku ya kwanza hakuuliza mambo ya omena. Aliona chombo kule stoo, nikamweleza, akaniuliza swali moja tu: kanaweza kuonyesha mvua kabla mtu hajapanda juu? Nikasema ndio. Akaniomba hapohapo. Alisema mzee wake alianguka Makina mwaka jana, na huyo mzee haambiwi kitu kuhusu mvua na mtu yeyote. Akasema huyo mzee akijua ni kwa ajili yake atakitupa mtoni."

Nicanor alikunywa chai. Ilikuwa moto sana akaimeza hivyohivyo.

"Sasa nikamwambia, wewe ukiona mshale unaangalia chini, muulize tu kazi iko wapi hiyo siku. Kama ni juu, mzuie na kitu. Mwambie mlango umeharibika." Mbuthia alicheka. "Mlango wenu umewahi kuharibika?"

Ulikuwa umeharibika mara tatu. Na sufuria mara moja. Nicanor alikuwa amevitengeneza vyote huku akinung'unika, akiamini anacheleweshwa ili mtu fulani apate nafasi ya kupiga simu.

Alirudi kwa miguu. Mtu angetarajia wivu umtoke njiani, lakini wivu hauna adabu hiyo. Ulibadilisha tu mahali pa kukaa. Sasa alimwonea Mbuthia wivu kwa sababu alikuwa amejua. Mkewe alikuwa na hofu kubwa juu yake, na mtu aliyeambiwa ni mfuga kuku wa Kawangware, kwa kuwa mumewe mwenyewe alikuwa amejifanya mtu asiyeambiwa.

Alipofika hakusema alichosikia. Alitafuta bomba refu, akalichomeka kwenye zege pembeni ya nyumba, mbali na moshi wa Wesonga, akakihamishia chombo huko juu. Kopo akaliacha wazi kabisa, akalisawazisha kwa kutumia chupa ya maji. Kitambaa cha buluu alikifunga kwenye bomba, chini kabisa, mahali pa kuonekana na mtu yeyote anayepita. Filister alimtazama kutoka dirishani, amejifunika shuka.

Alfajiri kengele ililia. Filister akainyamazisha. Nicanor alikuwa amekwisha kuvaa. Alichukua nyundo, akachukua sanduku, akafika mlangoni, na hapo akasimama. Nje anga alikuwa ameliona tayari, na alikuwa na maoni yake. Aliyameza.

"Filister," alisema. "Leo niko Makina, kwa paa la msikiti. Nipande?"

Mkewe aligeuza shingo akamtazama. Kisha, taratibu, akailegeza ile sura aliyoikunja tangu siku ya mvua, akageukia skrini, akaiinamia kwa makini kama alivyokuwa akimsikiliza yeye zamani, na Nicanor akasimama pale na sanduku lake zito akingoja, wivu ukimtafuna vilevile.

"Panda," alisema mwishowe. "Lakini mchana ukiingia uwe umeshuka."

Mchana ulipoingia, alikuwa ameshuka.